Namba Saba kwenye Orodha

"Namba sita!"

"Nipo."

"Namba saba!"

Kimya.

"Namba saba! Kalugin, Gennady Fyodorovich! Jamani, saba yuko wapi?"

Ilikuwa Jumatatu ya mwanzo wa Machi, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa forodha wa Blagoveshchensk, upande wa Urusi, ukingoni mwa mto Amur uliokuwa bado barafu tupu. Wasafiri walikuwa wamepangwa kufuata orodha, kila mmoja na pasipoti mkononi. Wote wakamgeukia namba nane. Namba nane alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye koti la kijivu na leso aliyoishika mbele ya mdomo kama mtu mwenye mafua.

"Hayupo," alisema Rimma Stepanovna nyuma ya leso.

"Hayupo kivipi? Kaenda chooni?" Alyona, msichana aliyekuwa akiongoza msafara, alikuwa na kibendera cha njano na sauti iliyokwisha kukauka kabla ya safari kuanza.

"Hakuja. Niliwapigia simu ofisini kwenu. Wakasema orodha imeshapelekwa, jina haliwezi kutolewa."

"Anaumwa?"

Swali hilohilo aliulizwa kwenye simu wiki tatu nyuma. Siku ile alijibu ndiyo, kwa sababu ndiyo lilikuwa neno fupi kuliko ukweli.

"Anaumwa," alisema.

"Ala! Mume kalala kitandani, mke huyo anakwenda kutembea Uchina," alisema bwana mmoja mnene aliyesimama nyuma yake, jina lake Stas, namba tisa. "Mke wangu angejaribu hivyo, angenikuta nimebadilisha kitasa."

Watu wakacheka. Rimma naye alitikisa mabega kidogo ili aonekane kama anacheka. Afisa wa mpaka alivuta mstari wa wino mwekundu juu ya jina la mume wa Rimma, Gennady, ambaye wote walimwita Gena, akagonga mhuri pembeni, akasema: "Anayefuata."

"Sikilizeni basi, na mnisikilize vizuri," Alyona alisema walipokwisha kuingia kwenye basi. "Hatuna viza, tuna orodha. Tumeingia pamoja, tunatoka pamoja. Alhamisi saa nane mchana, wote forodhani upande wa kule. Mmoja akichelewa, hatoki mtu. Mmenielewa? Mmoja tu!"

Basi likashuka ukingoni, likaanza kutambaa juu ya daraja la mbao lililolazwa juu ya barafu. Kiti cha pembeni ya Rimma kilikuwa kitupu. Mtu aliweka begi lake juu yake bila kuuliza.

&nbsp;

Gena alikuwa amekufa tarehe ishirini na nane Januari. Alikuwa akiondoa theluji mbele ya mlango wa jengo lao huko Serebryanka, mji mdogo wa reli, mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka mtoni. Aliegemeza sepetu ukutani vizuri, akakaa kwenye ngazi, hakuinuka tena.

Safari hii ilikuwa yake. Novemba walivuka mto pamoja, daktari akamng'oa mizizi ya mwisho ya meno ya juu, akachukua umbo la mdomo wake kwa plasta, akamwambia aache ufizi upone, arudi Machi. Rimma alikwenda kumsindikiza tu. Lakini Desemba aliuma kaki kavu ya chai, na meno yake manne ya mbele, ya bandia juu ya visiki vya zamani, yaliyokuwa yameunganishwa kwa chuma cha miaka mingi, yakatoka yote kwa pamoja yakaangukia kwenye sahani.

Mwingine angevumilia. Rimma alikuwa mtangazaji wa kituo. Kwa miaka thelathini na moja sauti yake ndiyo iliyowaambia watu wa Serebryanka treni gani inaingia, njia ya ngapi, na wasimame mbali na ukingo. Tangu Desemba tangazo lake lilitoka na mbinja. Watoto wa shule walimwigiza kwenye jukwaa la treni. Mkuu wa kituo, Arkady Lvovich, alimwita baada ya mazishi, akamkaribisha chai, akatazama dirishani.

"Rimma Stepanovna, mimi nakuheshimu, unajua. Ila Ijumaa tarehe saba Machi watu wa mkoa wanakuja kusikiliza. Wakikukuta hivi wataweka mashine. Vituo vingine vyote vina mashine sasa."

"Mashine haina meno," alisema Rimma.

"Haina. Lakini haipigi mbinja."

Pensheni ya Gena ilikwisha siku aliyokufa. Ulibaki mshahara wa Rimma. Mjini kwao fedha alizokuwa nazo zingetosha jino moja na nusu. Ng'ambo ya mto zilitosha manne. Kwa hiyo hapakuwa na jambo la kuamua.

Zoya, dada yake Gena, aliliona jambo hilo kwa macho mengine.

"Arobaini ya ndugu yangu ni Jumamosi, wifi. Jumamosi! Na wewe Jumatatu unabeba begi unakwenda kutengeneza meno?"

"Nitarudi Alhamisi."

"Tumemzika Gena mdomo umebonyea kama kizee cha miaka tisini. Watu wote wameona. Hakuyapata meno yake, maskini. Haya, angalau wewe utayapata." Zoya alikuwa akifunga skafu yake. "Hata kulia hukulia. Nimekutazama toka kanisani mpaka makaburini. Jicho kavu, kama umekwenda kumzika jirani."

Lilikuwa kweli. Alikuwa akingoja kilio kije kama mtu anayengoja treni iliyochelewa. Hakikuja, na hapakuwa na wa kumtangazia.

&nbsp;

Hoteli ya Heihe, mji wa Kichina ng'ambo ya mto, ilikuwa imelipiwa kwa watu wawili. Kulikuwa na vitanda viwili, taulo mbili na jozi mbili za ndara za karatasi. Rimma alivaa jozi moja. Jozi ya pili aliisogeza chini ya kitanda kwa mguu, kisha akairudisha ilipokuwa.

Asubuhi kwenye chumba cha kulia alitoa kuponi moja. Mhudumu aliangalia kwenye karatasi yake, akanyanyua vidole viwili.

"Wawili. Chumba mbili sifuri nne, wawili."

"Niko peke yangu."

"Wawili," alirudia mhudumu kwa upole, na akaleta mabakuli mawili ya uji, mikate minne laini ya mvuke na mayai manne ya kuchemsha.

Rimma alikula uji wake. Wa Gena uliganda mbele yake. Chakula kilikuwa kimekosa ladha tangu Januari, alikula ili tumbo lisilie. Lakini mayai mawili ya Gena yalikuwa yamelipiwa, na katika maisha yake hakuwahi kuacha mezani kitu kilicholipiwa. Aliyafunga kwenye kitambaa cha karatasi, akayatia ndani ya mkoba.

&nbsp;

Daktari alijiita Lena kwa wateja wake wa ng'ambo, kwa sababu jina lake halisi liliwashinda. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi, mwenye miwani iliyosukumwa juu ya nywele. Ukutani kulikuwa na picha za Warusi wakitabasamu kwa nguvu zao zote.

"Aa! Mke wa Gena!" alisema mara alipomwona. "Kaa, kaa. Fungua. Aya-ya-ya. Nani amefanya kazi hii? Fundi wa trekta?"

"Ni ya zamani."

"Naona. Siku tatu. Leo nasafisha, nachukua umbo, Jumatano tunapima, Alhamisi asubuhi nabandika. Manne ya kaure, mazuri." Alimdunga sindano ya ganzi bila kuacha kuzungumza. "Na Gena yuko wapi? Meno yake tayari tangu wiki mbili."

Rimma, mdomo wazi, alitazama taa. Hakuwa amefikiri. Katika siku zote zile za kuhesabu fedha, kupiga simu, kununua tikiti, hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba meno ya Gena yangekuwa yametengenezwa, yako mahali fulani yanamngoja.

"A-na-u-mwa," alisema, kwa mdomo usiokuwa wake.

"Pole yake. Basi utampelekea wewe."

Baada ya saa nzima ya kukwaruza na kusaga, Lena alifungua kabati. Ndani yake mlikuwa na midomo ya plasta mingi, imepangwa kama vyombo vya chai, kila mmoja na kibandiko. Alitoa mmoja, na pamoja nao kisanduku cha plastiki cha rangi ya buluu.

"Tazama. Nimefanya kama alivyotaka. Nilimwambia, Gena, nakutengenezea yote sawasawa, kama mwigizaji wa sinema. Akakataa! Akasema chonge la kushoto liwe limepinda kidogo, kama lake la zamani. Akasema mke wangu akiamka akakuta mtu ana meno yaliyonyooka atapiga kelele." Lena alicheka. "Fundi wangu aliuliza mara tatu: kweli, limepinda?"

Rimma aliyapokea. Yalikuwa mepesi. Ufizi ulikuwa wa waridi, meno ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, si meupe kupita kiasi. Chonge la kushoto lilikaa upande, limeinama kidogo kuelekea jirani yake.

"Wiki ya kwanza ayavae mchana na usiku," alisema Lena, akihesabu kwa vidole. "Asile vitu vigumu. Yakimuumiza asijikwangue mwenyewe kwa tupa, mnapenda sana kufanya hivyo nyinyi. Aje. Kurekebisha ni bure mwaka mzima. Nakuandikia dhamana."

Akaandika, akagonga mhuri. Rimma aliisoma karatasi: mwaka mmoja, kuanzia leo.

"Nitamwambia," alisema.

&nbsp;

Jumatano mchana msafara ulitembezwa. Ilikuwa sehemu ya safari, na ilikuwa imelipiwa. Walipita soko la chini ya ardhi, ambako wauzaji waliwaita kwa Kirusi kutoka kila upande.

"Shoga! Shoga! Soksi za manyoya! Tarehe nane Machi inakuja, jinunulie zawadi!"

"Kapteni! Kapteni, njoo! Tumbo kubwa, mkanda mkubwa ninao!"

"Tumbo gani, hiki ni kifua kimeshuka," Stas alijibu, akanunua mikanda miwili. Wanawake wote walinunua kitu cha Siku ya Wanawake, wengine wakijinunulia wenyewe na kuomba kifungwe vizuri kwa karatasi. Rimma alinunua leso nyeupe kumi na mbili za kugawia wageni wa arobaini. Muuzaji alimwongezea ua la plastiki.

Kisha wakapelekwa kwenye matembezi ya ukingo wa mto. Taa za karatasi za mwaka mpya wa Kichina zilikuwa bado zinaning'inia mitini, zimepauka kwa jua na baridi. Ng'ambo ulionekana mji wa upande wao, majengo, moshi, na minara ya kanisa. Novemba Gena alisimama palepale, mikono mfukoni, pamba mdomoni, akasema kwa taabu: "Tumevuka mto tukaja kuangalia kwetu." Walicheka mpaka pamba ikamtoka.

"Picha! Jamani, picha ya pamoja!" Alyona aliwapanga. "Moja, mbili... kumi, kumi na moja. Mbona pungufu? Aa, saba. Sawa. Cheka, mama, mbona umeziba mdomo?"

"Atacheka kesho," alisema Stas. "Kesho atakuwa na cha kuchekea."

&nbsp;

Kesho yake asubuhi meno ya Rimma yalikataa kukaa. Lena aliyajaribu mara mbili, akapitisha karatasi ya wino kati ya meno, akatikisa kichwa.

"Upande huu juu kidogo. Lazima yarudi kwa fundi. Saa nane yatakuwa tayari."

"Saa nane tunavuka."

"Naweza kubandika hivi. Utauma, baada ya mwezi yatavunjika, utasema Lena mbaya. Chagua."

Rimma alimpigia simu Alyona. Simuni kulikuwa na kelele za mabegi yakifungwa.

"Nilisema nini? Nilisema nini Jumatatu?" Alyona alikuwa karibu kulia. "Yaani watu kumi wakae forodhani kwa ajili ya meno yako?"

"Nisipokuwa na meno kesho, sina kazi."

Alyona akapumua. "Saa tisa. Saa tisa na dakika moja najitupa mtoni."

Rimma alikaa kwenye benchi la zahanati, mkoba mapajani, akiwa na visiki vyake vinne vilivyochongwa mahali pa meno. Kisanduku cha buluu kilikuwa ndani ya mkoba, pamoja na mayai sita. Asubuhi ile pia mhudumu alileta chakula cha wawili. Saa nane na dakika arobaini Lena alibandika, akashikilia kwa kidole gumba, akihesabu kimoyomoyo. Kisha akamletea kioo. Rimma aliona mwanamke mwenye meno. Akashukuru, akakimbia.

Wenzake walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao kwenye ukumbi wa forodha, na masanduku, na mifuko ya miraba, na matairi mawili ya Stas. Alipoingia hakuna aliyemsalimu.

"Ndiye huyo malkia," alisema mama mmoja.

"Saa nzima!" Stas aliinuka. Uso ulikuwa mwekundu kwa joto la koti. "Saa nzima tumekaa hapa kama magunia. Haya, tuonyeshe basi! Tumeyangoja wote, ni yetu wote. Fungua!"

Wengine wakacheka, si kwa ubaya sana, kwa uchovu. Rimma aliweka begi chini. Alitoa leso mdomoni, akafungua, akageuza kichwa upande huu na upande ule, kama farasi kwenye mnada, mpaka wote kumi wakaona.

"Mazuri," Alyona alisema kwa sauti ndogo. "Haya. Twendeni."

&nbsp;

Upande wa kwao mizigo ilipita kwenye mashine. Mkoba wa Rimma ulipoingia, afisa kijana aliyekuwa akitazama skrini alisimamisha mkanda.

"Wa nani huu? Una nini humu, mabomu ya mkono?"

"Mayai," alisema Rimma.

Afisa aliyatoa moja moja, akayapanga mezani. Sita. Mawili yalikuwa yamepasuka.

"Mayai, nyama, maziwa, haviingii kutoka kule. Imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Mayai ya nani haya?"

"Ya mume wangu."

"Jamani, tunakesha hapa," alinong'ona mtu kwenye foleni.

Mkono wa afisa ulizama tena mkobani, ukatoka na kisanduku cha buluu. Akakifungua. Akarudisha kichwa nyuma kidogo.

"Na hii?"

"Meno."

"Naona ni meno, mama. Yako unayo mdomoni. Haya ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Mume, mume! Mume mwenyewe yuko wapi? Mbona hayako mdomoni mwake?"

"Ni namba saba," Alyona aliingilia, akinyoosha orodha. "Alibaki nyumbani, anaumwa. Mwache apite, tafadhali, tumechelewa sana."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwenye mzigo."

Rimma alinyoosha mgongo. Hakukusudia kupaza sauti. Lakini alikuwa hajasema sentensi ndefu kwa mdomo mzima tangu Desemba, na sauti ilitoka kwa njia iliyoizoea, bapa, safi, kila neno mahali pake, ikafika mpaka mwisho wa ukumbi.

"Kalugin, Gennady Fyodorovich, namba saba kwenye orodha, alifariki tarehe ishirini na nane Januari."

Watu wa foleni nyingine waligeuka wakatazama juu, wakitafuta kipaza sauti. Mmoja aliangalia saa yake.

Afisa alifunga kisanduku. Alikifunga polepole mpaka kikalia, akakirudisha mkobani, akaingiza na dhamana yake. Mayai akayasukuma pembeni.

"Haya yanabaki," alisema, bila kumtazama. "Sheria. Pita, mama."

Nje upepo wa mtoni ulikuwa unakata. Stas alikuwa ameshika begi la Rimma, hakukumbuka kumpa.

"Mama. Mbona hukusema? Siku nne tunakutania..."

"Ningesema mngenipa pole," alisema Rimma. "Mngekaa nami mezani. Mimi nilikuja kwa kazi ya meno."

Stas alilipachika begi begani. Alimbebea mpaka stesheni, kwenye mlango wa gari-moshi, akalipandisha, akaondoka bila kuaga kuyarudia matairi yake, aliyoyaacha yakilindwa na Alyona.

&nbsp;

Ijumaa walikuja watatu kutoka mkoani, wakakaa ofisini na viatu vinavyotoa maji ya theluji. Rimma alitangaza treni ya mizigo, kisha ya abiria, njia ya pili, msimame mbali na ukingo. Mmoja aliandika kitu.

"Nzuri," alisema. "Wabaki na huyu kwa sasa." Wakaenda kula.

Arkady Lvovich alimpa mkono. Rimma alizima kipaza sauti, akanywa chai yake iliyopoa, akasubiri kufurahi. Saa saba na robo ikaingia treni nyingine, akaitangaza.

&nbsp;

Jumamosi ilikuwa arobaini, na ilikuwa Siku ya Wanawake. Zoya alikuwa amefika tangu alfajiri na masufuria yake. Alipika ngano ya asali na zabibu kavu, chapati nyembamba, na samaki. Alipanga vijiko tu, bila uma wala visu, kama desturi. Kwenye nafasi ya Gena, mbele ya picha yake, aliweka glasi ya vodka na juu yake kipande cha mkate mweusi. Wakati wote huo hakusema na Rimma ila "sogea" na "chumvi".

Wageni walikaa. Mwisho wa wote alikuja jirani wa chini, mzee Prokhor, akasimama mlangoni na matulipu matano mekundu, hajui ayafanye nini. Maua ya walio hai huwa witiri, ya wafu huwa shufwa, na yeye alikuwa ameyanunua akifikiria siku moja tu kati ya hizo mbili. Aliyatazama, akamtazama Rimma, akatazama picha. Mwishowe alichomoa moja. Manne akayaweka kwa Gena. La tano akampa Rimma, akakaa haraka.

Walikunywa bila kugonganisha glasi. Waliongea habari za Gena, jinsi alivyowahi kumkimbiza nguruwe kwenye reli, jinsi alivyokataa kununua televisheni mpya. Zoya aliukunja uso.

"Ningelala usingizi, wifi," alisema ghafla, mbele ya wote. "Hata leo ningelala usingizi, kama tungemlaza vizuri. Ule mdomo. Kila nikifumba macho nauona ule mdomo."

Rimma aliinuka. Alikwenda kwenye mkoba uliokuwa bado unaning'inia mlangoni tangu Alhamisi, akarudi na kisanduku cha buluu, akakiweka mbele ya Zoya.

"Yalikuwa tayari," alisema. "Yalikuwa yanamngoja."

Zoya alifungua. Mama mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Zoya hakuogopa, aliyatoa, akayasogeza karibu na macho, maana miwani aliiacha jikoni. Aliyageuza huku na huku. Kisha kidole chake kilisimama upande wa kushoto.

"Limepinda," alisema.

"Alitaka hivyo."

"Limepinda kama lake! Lile nililompiga kwa kata ya maji, yeye ana miaka kumi na mimi kumi na mbili! Mama alinichapa siku mbili!" Zoya alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, akainamisha kichwa juu ya meza, mabega yakitikisika, mkono bado umeyashika. "Mpumbavu. Mpumbavu wee. Fedha zote zile, unanunua jino bovu."

Mzee Prokhor alimpigapiga mgongoni. Rimma alikuwa amesimama na ua lake. Macho yake yalikuwa makavu, naye alijua wote wanaona kwamba ni makavu.

Zoya aliinua uso ulioloa. Akamtazama wifi yake muda mrefu, kama vile Rimma naye, kama yale meno, alikuwa ameachwa mahali fulani bila kufuatwa. Kisha akayaweka meno chini, mbele ya picha, upande wa glasi, akayafunika kwa leso nyeupe mpya. Alichukua mkate mweusi uliokuwa katikati ya meza, akamega ganda la mwisho, lile gumu alilolipenda Gena, akampa Rimma.

"Hulii, basi," alisema. "Usilie. Kaa. Una meno sasa, wifi. Kula."

Rimma alikaa. Aling'ata kwa meno mapya ya mbele, polepole. Ganda lilikatika. Alitafuna, wote wakimngoja, akameza.

Mkate ulikuwa na chumvi, naye aliisikia. Akang'ata tena.